Mwenye Homa, Hatua Moja Mbele

Kambi nzima ilimwita Mama Kokoto, na wala hawakumwita kwa kificho. Kapteni yule wa kikosi cha tiba, muuguzi kwa kazi na mjane kwa bahati mbaya, alikuwa na wimbo mmoja tu: mawe ya figo. Ukimkuta kantini, mawe. Makamanda wako kikaoni wanazungumzia mafuta ya magari, yeye anainua mkono, mawe. Wakubwa wakimwona anakuja kwenye korido walikuwa wanabandika simu sikioni hata kama haijaita. Lakini alikuwa king'ang'anizi, na haki ya kung'ang'ania alikuwa nayo, maana ndiye aliyekuwa akiwapokea madereva wa misafara wakishushwa kwenye malori wamejikunja, wanaume na ndevu zao, wanauma mikono ya gwanda wasisikike wakilia.

Sababu haikuhitaji darubini. Dereva wa msafara hasimami njiani, amri ni kwenda. Mlinzi wa lindo haachi bunduki akaenda msalani. Kwa hiyo wanafanya nini? Hawanywi maji. Wanashinda juani koo kavu, wanarudi kambini mkojo rangi ya chai ya rangi, mwaka unaisha, mwingine unaingia, na chumvi inaganda ndani ya figo mpaka inakuwa jiwe. Na jeshi, kwa busara zake, lilikuwa na dawa moja tu ya hilo: vidonge vya maumivu. Viligawiwa kwa viganja, askari wakavibatiza jina la karanga. Ukizidiwa sana unapelekwa hospitali kuu ya mjini, huko unapanga foleni na dunia nzima, na ukirudi na cheti cha daktari unapewa ufagio. Kupewa ufagio ndiko walikokuogopa kuliko jiwe lenyewe. Maana yake ni kwamba umetolewa kwenye gari, kwenye doria na kwenye misheni za nje, na kazi yako sasa ni kufagia stoo mpaka ustaafu.

Alichotaka Kapteni hakikuwa mwezi wala jua. Alitaka kliniki ya mawe ndani ya kambi: chumba kimoja safi, ile mashine ya mawimbi inayovunja jiwe bila kisu, na daktari bingwa wa njia ya mkojo aje mara kwa mara. Askari aingie, avunjwe jiwe, apumzike kidogo, arudi kwenye usukani wake. Aliomba, akabembeleza, akagombana na watu wenye nyota nyingi kuliko zake. Mwisho makao makuu yakasalimu amri. Mashine italetwa kambini kwake kwa majaribio, na siku ya kwanza ujumbe wa wakubwa utakuja kuona kwa macho. Mambo yakienda vizuri, mashine inabaki. Yakienda mrama, inapakiwa kwenye lori inapelekwa kambi nyingine, na Mama Kokoto anarudi kugawa karanga.

Sasa, miongoni mwa waliokuwa na mawe, mmoja alikuwa shemeji yake.

Huyu alikuwa mdogo wa marehemu mume wake, sajenti wa kikosi cha magari, na kambini walimwita Tairi kwa sababu hakukuwa na barabara mbaya iliyomshinda. Kaka mtu alifia kwenye doria miaka iliyopita, akarudishwa ndani ya sanduku lenye bendera. Tangu hapo waliobaki ni hawa watatu: Kapteni, Tairi, na mama mkwe, ambaye baada ya mazishi alifungasha vyake akahamia kwa mkamwana wake kwenye nyumba za maofisa. Aliingia na begi moja akasema amekuja wiki mbili. Hakuondoka. Kapteni naye hakuwahi kumuuliza, maana nani angempikia nani, nani angemgombeza nani.

Shemeji hawa wawili walikuwa na mkataba wao. Ndani ya gwanda, Kapteni ni afande, na Tairi anapiga saluti hadi kisigino kinalia. Nje ya gwanda, ni shemeji, na utani ruksa. Jumapili Tairi alikuwa anakuja kula, anavua viatu mlangoni, anaingia mpaka jikoni na kufunua masufuria bila kuulizwa. Anamwambia Kapteni, wewe shemeji kwa kuzeeka huku nani atakuoa tena, acha nikutafutie bwana kule kwa wapishi. Kapteni anamjibu kwamba mwanamume anayenuka dizeli hana sauti ndani ya nyumba hii. Mama anacheka mpaka anashika mbavu. Basi hapo, kati ya masufuria, ndipo Tairi alipokuwa anasema kweli. Msafara umegongwa wapi, nani kaiba mafuta, nani kalia usingizini. Huwezi kumtoa maneno hayo kambini hata kwa koleo.

Na ni hapo jikoni, Jumapili moja, ndipo Kapteni alipomwona amesimama upande upande, mkono mmoja umeshika kiuno.

"Inauma?" akamuuliza.

"Inauma, shemeji. Juzi nimeendesha njia nzima nimekalia tako moja."

Hakumbembeleza. Kesho yake alimpeleka kwenye chumba cha picha. Jiwe lilikuwepo, tena limeshuka kutoka kwenye figo likakaa mlangoni mwa mrija wa mkojo, mahali pabaya. Kapteni akamweka kwenye kundi la siku ya kwanza, na hakuona kama ni upendeleo, maana hata angekuwa mtoto wa jirani jiwe lile lilistahili. Kilichombana Tairi zaidi ni misheni ya nje iliyokuwa inakaribia. Akitibiwa kwa mashine ya kambini, atapanda ndege na wenzake. Akipelekwa mjini, ufagio unamsubiri.

Wiki za mwisho kabla ya ufunguzi Kapteni hakulala vizuri wala hakula vizuri. Chumba kilipakwa rangi, rangi ikanuka, wakafungua madirisha, vumbi likaingia, wakaosha tena. Mashuka yaliyoletwa yalikuwa mafupi kuliko vitanda. Mashine ilifika na nyaya zisizoingia kwenye soketi za ukutani. Alikuwa anakimbizana na mafundi umeme kutwa. Jumapili iliyotangulia siku yenyewe, Tairi akapiga simu kwamba anakuja kula. Kapteni akamwambia, shemeji wiki hii usije, niko hospitali natundika mapazia, njoo ile nyingine. Tairi akaanza kusema kitu, akakiacha, akacheka akasema sawa, mwenye hospitali yako. Kapteni alikata simu akarudi juu ya ngazi, kwenye mapazia yake.

Daktari bingwa alifika siku moja kabla. Alikuwa mtu mwembamba, hana maneno mengi, na jambo moja alilirudia mpaka wauguzi wakalikariri. Homa. Mgonjwa wa jiwe asiye na homa ni mgonjwa wa kawaida. Mgonjwa wa jiwe mwenye homa ni habari nyingine kabisa, maana jiwe limeziba na nyuma yake pana usaha. Huyo havunjwi jiwe hata kidogo. Huyo anatobolewa mgongoni, anawekewa mrija, usaha unatoka kwanza. Ukimpiga mawimbi na usaha uko ndani ni sawa na kupiga jipu nyundo, uchafu wote unamwagika kwenye damu. Tena, akasema, usiutegemee mkojo peke yake, unaweza kupimwa ukaonekana safi kwa sababu ule mchafu umekwama juu ya jiwe, hauwezi kushuka. Kwa hiyo muulizeni mtu mwenyewe. Mketisheni, mumuulize vizuri kama ametetemeka, kama amelowa jasho kitandani.

Kapteni alikubaliana naye kwa kila neno. Alikuwa ameshatenga chumba kidogo chenye viti viwili na mlango unaofungika, ili kila mmoja aingie peke yake aulizwe taratibu. Hapo ndipo mkuu wa kambi alipokuja kukagua, akasimama mlangoni, akaviangalia vile viti viwili kana kwamba vimemtukana.

Alisema ujumbe hautakuja kukaa kwenye benchi kungoja watu wanong'onezane. Wakubwa wana ratiba. Wanataka kuona askari waliopangwa, waliokaguliwa, walio tayari. Kapteni akajaribu kueleza. Mkuu akamsikiliza kwa heshima, hilo lazima lisemwe, hakuwa mtu mbaya. Kisha akasema:

"Kapteni, hawa si wagonjwa wa mtaani. Ni askari. Wapange, waulize, watajibu."

Angeweza kukataa. Neno la mwisho la tiba lilikuwa lake. Lakini alifikiria lori la kupakia mashine, akafikiria wale wanaume wanaouma mikono ya gwanda, akajiambia kuuliza ni kuuliza tu, iwe kwenye kiti, iwe uwanjani. Akapiga mguu chini akasema ndiyo, afande. Jamani, neno dogo lile.

Siku ikafika. Jua lilikuwa limeshapanda na lami ya uwanja wa mbele ya hospitali imeanza kulainika. Wagonjwa walipangwa mistari miwili, gwanda zimepigwa pasi, viatu vinawaka, kila mmoja na begi lake dogo mguuni. Ungewaona usingesema wanaumwa kitu. Wageni walikaa kivulini kwenye viti vilivyovishwa kitambaa. Daktari bingwa alikuwa ndani anawasha mashine yake. Sajenti meja akawaweka mguu sawa, na uwanja ukawa kimya.

Kapteni akasimama mbele yao. Aliuliza kwa sauti ya gwaride, maana kwa mahali pale hapakuwa na sauti nyingine ya kutumia. Nani anatumia dawa za kuyeyusha damu, hatua moja mbele. Hakutoka mtu. Nani amekula asubuhi. Akatoka koplo mmoja, wenzake wakajizuia kucheka, wageni wakatabasamu. Kisha akafika pale.

"Mwenye homa, au aliyetetemeka siku hizi mbili tatu, hatua moja mbele."

Hakuna buti lililosogea.

Akaanza kupita mstari, mmoja mmoja, askari tabibu nyuma yake na kipimajoto. Wote walikuwa wanatoka jasho, nani asiyetoka jasho juani vile. Alipofika kwa Tairi akasimama. Jasho la Tairi lilikuwa linatiririka kama la wengine, lakini midomo imekauka na kupasuka, na mashavu yamebonyea kuliko alivyoyaacha. Mikono, iliyobanwa kwenye mshono wa suruali, ilikuwa na vinyweleo vimesimama. Vinyweleo, kwenye jua lile. Kapteni aliviona. Alikuja kujiuliza baadaye, sana tu, kama aliviona au amejitungia, na kila mara jibu ni lile lile: aliviona.

Neno lilimfika mdomoni. Shemeji. Angelisema kwa sauti ya jikoni, hata kwa kunong'ona, yule kijana angemwambia. Lakini nyuma yake kulikuwa na viti vya wageni, na mkuu wa kambi, na sajenti meja aliyekuwa hamezi hata mate, na mkataba wao wa miaka yote ndani ya gwanda.

"Sajenti, una homa?"

"Hapana, afande. Niko imara."

Macho yake yalikuwa yanaangalia juu ya kofia ya Kapteni, kama wanavyofundishwa. Askari tabibu akaweka kipimajoto, akakisoma kwa sauti: kawaida. Kapteni akakiamini kipimajoto. Akapita, akaenda kwa anayefuata.

Kazi yenyewe ilikwenda vizuri, tena vizuri kupita alivyoomba. Mashine iligonga siku nzima, tak, tak, tak, mtu anashuka kitandani anashangaa kwamba ni hilo tu. Wageni waliingizwa kwa zamu, wakaoneshwa jiwe kwenye kioo kabla na kokoto zake baada. Mkubwa wa ujumbe alimpa Kapteni mkono, akaushika muda mrefu, akasema mashine haitoki hapa. Tairi alikuwa miongoni mwa wa mwisho. Alipotolewa alikuwa amechoka, rangi imemtoka, lakini alimkonyeza Kapteni jicho moja pale ambapo hapakuwa na mtu anayeona. Jioni helikopta ikawachukua wageni, na daktari bingwa akaondoka nao, kwa sababu hospitali kuu ilikuwa inamsubiri. Kapteni alirudi nyumbani akamwambia mama mkwe kwamba mwanawe ametibiwa, jiwe limekwisha. Mama akainua mikono akashukuru. Kisha akauliza kama amekula.

Asubuhi kulipokucha askari tabibu alimpigia simu na sauti yake haikuwa ya kawaida.

Alimkuta Tairi anatetemeka mpaka kitanda kinagonga ukuta. Kisha kutetemeka kukaacha, na hapo ndipo Kapteni alipoogopa kweli, kwa sababu vidole vilikuwa baridi, macho yanazunguka, na presha ilikuwa inashuka kila wakiipima. Walimwekea dripu mikono yote miwili, wakampa dawa kali kuliko zote walizokuwa nazo kabatini. Kapteni alimpigia bingwa. Bingwa aliuliza swali moja tu, kama alikuwa na homa kabla. Kapteni akasema kipimajoto kilisema hana. Bingwa akasema mleteni, mleteni sasa hivi, huyu anahitaji mrija mgongoni na huko hakuna wa kuuweka.

Na hakukuwapo kweli. Kapteni alikuwa amepanga mapazia, mashuka, soketi, chai ya wageni. Amepanga bingwa aje. Hakupanga bingwa akishaondoka itakuwaje. Helikopta ilikuwa mjini na kibali cha kuirusha kilikuwa kinatafutwa kwa mtu aliyekuwa kikaoni. Kapteni hakungoja. Alimpakia shemeji yake kwenye gari la wagonjwa, akapanda nyuma pamoja naye, na koplo wa kikosi cha magari, rafiki yake Tairi, akakamata usukani bila kutumwa na mtu.

Barabara ilikuwa ndefu na mbovu, barabara ambayo Tairi mwenyewe angeipita anapiga mluzi. Kapteni alikaa sakafuni, amemshika mkono. Kila mara Tairi alikuwa anafumbua macho, anaiona gwanda, zile nyota begani, na anajaribu kunyoosha miguu. Kumbe alikuwa anajaribu kukaa mguu sawa.

Akamwambia, "Ni mimi. Shemeji yako. Niambie wapi panauma."

"Niko imara, afande."

"Usiniite afande. Tuko wawili tu humu. Niambie."

"Ndiyo, afande."

Alivua koti la gwanda lenye nyota, akalitupa pembeni, akabaki na fulana. Akamwita kwa jina lake la nyumbani, lile ambalo mama pekee ndiye hulitumia. Akamtania ule utani wao wa dizeli huku machozi yanamwagika. Haikusaidia kitu. Tairi alikuwa ameshakwenda mbali, mahali ambapo palikuwa na gwaride tu, na kwenye gwaride lile hakutaka kuaibika. Alirudia neno lile la kuwa imara mara kadhaa, kila mara kwa sauti ndogo zaidi. Walifika hospitali kuu, bingwa akiwa amesimama mlangoni na glovu zake mkononi. Alimgusa shingoni, akamgusa tena. Hawakufika hata kwenye chumba cha mrija.

Koplo ndiye aliyemwambia. Walikuwa wamekaa kwenye ngazi za nyuma ya hospitali, Kapteni anangoja karatasi za kurudisha mwili, na koplo alikuwa analia bila kujificha, jambo ambalo Kapteni hakuwahi kuliona kwa askari wa magari. Alisema Tairi alikuwa na homa tangu Jumapili. Asubuhi ya gwaride alitafuna karanga nne kavu kavu ili kipimajoto kisimseme. Kapteni akauliza kwa nini, ni kwa sababu ya ufagio? Koplo akasema ufagio ulikuwepo, ndiyo, sote huwa tunameza, afande, kila ukaguzi, hilo ni la kawaida. Lakini siku ile alipomwambia nenda kamwambie shemeji yako, Tairi alisema, leo ni siku yake, ameihangaikia miaka, wageni wote wale, nikitoka mstarini mimi shemeji yake si ndiyo nimemharibia. Nitamwambia Jumapili.

Kapteni alisikia yote hayo. Alikaa akiangalia lori la takataka likipakiwa uani.

Mkuu wa kambi alimwita alasiri ile ile, mara tu gari lilipoingia getini. Alisimama alipomwona, akamvutia kiti mwenyewe. Alikuwa na huzuni ya kweli. Akasema amezungumza na makao makuu na msimamo ni mmoja: kliniki inabaki, wengine wote wanaendelea vizuri, na hakuna anayemnyooshea kidole. Uwanja mzima ni shahidi. Sajenti aliulizwa na mkaguzi, aliulizwa mara mbili, akakana. Na Kapteni alipomtajia zile karanga nne, akasema kumeza dawa za kuficha homa ni kosa lake mwenyewe, Mungu amrehemu. "Aliulizwa, akakana," mkuu akarudia, polepole, kama mtu anayempa mwenzake kitu cha kushikilia asianguke. Kapteni akakishikilia. Alitoka nacho ofisini, akatembea nacho akipita stoo, akipita kantini ambako watu walinyamaza, hadi kwenye nyumba za maofisa.

Alikuwa amewakataza wote wasimtangulie. Alitaka mama ayasikie kwake.

Mama mkwe alikuwa sebuleni anakunja nguo alizoanua, fulana za Tairi zikiwemo, maana Tairi alikuwa bado anamletea mama yake nguo za kufua akiwa mtu mzima na cheo chake. Aliinua macho akamwona mkamwana wake mlangoni, bila koti, bila kofia, viatu vimejaa vumbi. Mama aliwahi kuona mtu akisimama mlangoni vile, alipoletewa habari ya mwanawe wa kwanza. Fulana ikamwanguka. Hakupiga ukelele. Alikaa kwenye kochi, taratibu, mikono imeshika magoti.

"Wa pili naye?" akauliza.

Kapteni akapiga magoti mbele yake. Akamweleza yote kama yalivyo, jiwe, usaha, mashine, barabara, hakuficha. Mama alisikiliza akitikisa kichwa kidogo kidogo, siyo kukubali wala kukataa. Alichokuwa hakielewi ni kimoja tu. Nyinyi si mna hospitali, akasema. Wewe si ndiye uliyeitengeneza. Mtu ana homa ya siku hizo zote, amekaa mikononi mwenu, na hakuna aliyejua?

Hapo Kapteni akalitoa lile alilopewa.

"Aliulizwa, mama. Akakana."

"Nani alimuuliza?"

"Mimi."

"Hapa nyumbani?"

"Hapana, mama. Uwanjani."

"Mlikuwa wawili?"

 Kapteni akasema walikuwa gwarideni. Akasema wenzake walikuwepo, mstari mzima, na wakubwa walikuwepo, na wageni kwenye viti.

Mama mkwe alimwangalia kwa muda mrefu. Hakuwa na hasira, na hilo ndilo Kapteni hakuweza kulivumilia. Alimwangalia kwa mshangao wa kweli, kama anayetafuta kwenye uso ule mtu aliyekaa naye nyumba moja miaka yote hii.

"Umemsimamisha mwanangu mbele ya wanaume wenzake," akasema, "ukamuuliza kama anaumwa. Wewe, unayemjua. Sasa ulitaka akujibu nini?"